Kopo la soda lilipita

Swali lenu la wiki hii limeuliza: "Kupamba chumba cha mtoto mchanga kwa vitu vya kujitengenezea na vilivyokwisha kutumika: ni upendo au ni ubahili?" Nililisoma huku namnyonyesha mwanangu wa pili, nikaliweka jarida chini, nikaliokota tena. Hilo neno ubahili niliwahi kuambiwa usoni miaka minne iliyopita, na mtu ninayempenda, ndani ya chumba nilichokihangaikia miezi mitano. Kwa hiyo lazima nijibu. Ila mniwie radhi, habari ya upendo na ubahili nitaiweka pembeni, maana mtoto mchanga haijui. Nitajibu lile ambalo natamani ningeulizwa kabla sijashika sindano: katika vyote ulivyoshona, ulivyookota na ulivyopewa, kipi kinakaa ukutani na kipi kinalala na mtoto?

Msimamo wangu kwanza. Vya mkono na vya mitumba vinavishinda vipya vya dukani, na kwa hilo sibishani na mtu. Mtoto akizaliwa huona vizuri umbali wa sentimeta 20 hadi 30 tu, yaani kutoka titini hadi usoni mwa mama. Zile rangi zilizopauka tunazouziwa kwa seti, kwake ni ukungu. Anachokiona mapema ni cheusi juu ya cheupe: mstari mnene, duara, uso wa mtu. Nilikata maboksi, nikayachora miraba na miviringo kwa rangi nyeusi, nikayabandika pale ninapombadilishia nepi. Mwanangu wa kwanza alikuwa akiyakodolea macho mpaka anasahau kulia.

Pazia nililitoa kwenye shuka kuukuu la pamba, lililofuliwa miaka mingi mpaka likawa laini kama mkono wa bibi. Zulia nililisuka kwa fulana zilizochanika. Rafu nilizipata kwa kuvunja paleti, zile mbao za kupakilia mizigo. Na wanaozipenda mbao hizo nawaambia: tafuteni muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake mbao imetibiwa kwa joto. MB maana yake imefukizwa kwa methili bromidi, gesi ya kuulia wadudu, na hiyo isiingie chumbani mwa mtoto hata iwe nzuri vipi. Nilizikataa tatu kabla ya kupata moja niliyoitaka, na najivunia hilo hadi leo.

Basi, kitanda.

Nilikipata kwa jirani aliyekuwa anahama. Wanawe wanne walilala humo kwa zamu, na kitinda mimba wao wakati ule alikuwa kijana mwenye ndevu. Kilikuwa cha mbao ngumu, kizito, cheupe, chenye fito pande zote, na upande mmoja ukiuinua kidogo na kuusukuma kwa goti unateremka, ili mama asiiname sana akimlaza mtoto. Nilikipenda kabla sijakigusa. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nakipaka rangi kichwani mwangu, kijani ya jani changa, na kesho yake nikanunua kopo la rangi hiyo na karatasi nne za msasa.

Mimba ilikuwa ya miezi sita. Nilikaa chini sakafuni, nikakilaza kitanda ubavu, nikaanza kupiga msasa. Chini ya nyeupe ikatokea bluu. Chini ya bluu, manjano iliyopasukapasuka. Nilifurahi, niseme ukweli. Niliona kama nasoma historia ya nyumba ile, kila mtoto na rangi yake. Unga ulinijaa mapajani, kwenye kucha, puani. Nilikuwa naimba.

Shemeji akaingia. Ni kaka mkubwa wa mume wangu, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Alisimama mlangoni, akanitazama, akatazama ule unga.

"Shemeji, weka chini huo msasa. Inuka utoke."

Nilidhani anaihurumia mimba. Nikamwambia sijachoka. Akasema hajauliza kama nimechoka, ameuliza rangi hii ina umri gani. Hakuwa ameuliza, lakini nilimjibu: sijui, labda kumzidi mume wangu. Akanitoa chumbani, akaniambia nikaoge na kichwa pia, nguo niziloweke peke yake. Niliporudi nilimkuta kapiga magoti anafuta sakafu kwa kitambaa kilichoroweshwa. Ufagio aliuweka nje. Alisema ukifagia unga ule unaupeleka hewani, unakuja kuuvuta kesho.

Kisha akakisimamisha kitanda, akakaa nacho jioni nzima kama daktari na mgonjwa. Alimwomba mume wangu kopo la soda, la kawaida, siyo lile jembamba. Akalipitisha kati ya fito moja na nyingine, akianzia kushoto. Halikupita. Halikupita. Halikupita. Kati ya ufito wa sita na wa saba, lilipita. Wala hakulisukuma. Alilishika kwa vidole viwili likaenda kama limepakwa mafuta, akalipokea upande wa pili. Tulinyamaza wote. Halafu akaendelea, na karibu na kona likapita tena, mahali ambapo ufito ulivunjika zamani na mtu akarudisha mwingine bila kupima.

Akashika ule upande unaoteremka, akautikisa. Kona ya chini ikatoka kwenye reli yake, ikabaki upenyo kati ya ubao na godoro. Akatia ngumi yake pale. Hakusema kitu, aliiacha tu ngumi pale nikaitazama. Mwisho akapima godoro kwa vidole: visipite viwili kati ya godoro na ubavu wa kitanda. Vilipita vinne.

Nilibisha. Nilimwambia watoto wanne wamelala humo, wote wazima, mmoja ana ndevu. Alikaa kimya kwa muda, akaanza kukunja futi yake.

"Wa kwanza alipolala kilikuwa kipya. Kila kinapofunguliwa na kufungwa tena, skrubu inakula mbao. Wako angekuwa wa tano."

Nikamwambia basi anunue yeye. Sauti yangu ilikuwa juu, mume wangu akatoka nje. Ndipo aliposema: "Shemeji, mapazia sawa. Rafu sawa. Hapa sasa ni ubahili."

Sikumsemesha kwa wiki tatu. Na kilichoniuma zaidi ya neno lile ni kwamba kesho yake alikuja na msumeno, akakikata kitanda vipande vipande uani. Nilitaka angalau nikirudishe, au nikiweke nje mtu mwingine akichukue. Alisema ndiyo maana anakikata.

Rangi ile haikupimwa, kwa hiyo siapi kwamba ilikuwa na madini ya risasi. Lakini baadaye nilisoma, na nilisoma nikitetemeka. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978, na nchi nyingi zilichelewa zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Ladha yake ni tamu kidogo, ndiyo maana mtoto aliyesimama akishika ukingo wa kitanda akiutafuna mara moja ataurudia. Inadhuru ubongo unaokua, na kwa mjamzito inavuka hadi kwa aliye tumboni. Na mimi nilikuwa nimekaa katikati ya unga, naimba.

Na lile kopo? Marekani nafasi kati ya fito haitakiwi kuzidi sentimeta 6 hivi, na kopo la kawaida lina upana wa sentimeta 6.6. Panapopita kopo, kiwiliwili cha mtoto kitapita, miguu kwanza, kisha kichwa kikwame. Vitanda vyenye upande wa kuteremka navyo vilipigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa huko tangu Juni 2011, baada ya watoto kufa kwenye upenyo kama ule alimotia ngumi shemeji. Kitanda changu kilikuwa na makosa yote, na nilitaka kukifunika kwa kijani.

Kwa hiyo tukanunua kitanda kipya, cha kawaida kabisa, hakina hata ua. Na hapo nikapata pigo la pili, maana nilikuwa nimeshona blanketi la viraka kwa miezi mitatu, pamoja na mito sita ya kuzungushia ndani ya kitanda, yenye riboni. Hakuna hata kimoja kilichoingia. Mtoto mchanga hulazwa chali, kwenye godoro gumu lililo bapa, juu ya shuka lililobana, basi. Hakuna mto, blanketi zito, mwanasesere wala mito ya pembeni. Kampeni za kulaza watoto chali zilianza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua sana, Marekani kwa karibu nusu. Mito ya pembeni yenye sponji Marekani imeikataza kwa sheria tangu 2022. Nilifumua riboni zangu moja moja. Blanketi nililitundika ukutani, mbali na kitanda, na kila nilipolitazama nilihisi nimenyang'anywa kitu.

Mengine nitayapitia haraka. Pambo la kuning'inia juu ya kitanda, hata ulilifuma mwenyewe, litolewe mtoto akianza kujiinua kwa mikono, au akifika miezi mitano. Nguo za kurithishwa zinazonuka naftalini, vile vidonge vya kufukuzia nondo, zisimguse kabla hazijafuliwa na kuanikwa hadi harufu iishe: mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kile kinachokinga chembe nyekundu za damu, anaweza kuharibikiwa chembe hizo na kupata ugonjwa mkali wa manjano, macho na ngozi vikageuka rangi. Kabati la droo lifungwe ukutani. Kamba ya pazia isifike kitandani. Mwanasesere wa mitumba mng'oe macho ya vifungo, umtarizie mapya kwa uzi.

Sasa mtasema nimebadili msimamo. Naona ninavyoandika ndivyo unavyonilegea. Kuna jambo sijalisema: chumba kile, pamoja na rafu na zulia na miviringo yangu, hakikulaza mtoto kwa nusu mwaka. Inashauriwa mtoto alale chumba kimoja na wazazi, kwenye kitanda chake mwenyewe, kwa miezi sita ya kwanza walau. Kwa hiyo kitanda kilikuwa kwetu, na kule kulikuwa mahali pa kumbadilisha nepi na pa mimi kukaa. Usiku ambao sikuweza kuacha kulia, ambao nadhani kina mama wengi wanaujua, nilikwenda kukaa kule, juu ya zulia la fulana. Nilikipamba kwa ajili yangu. Sijutii hata uzi mmoja.

Na huyu wa pili? Analala kwenye kitanda cha kaka yake. Ndiyo, kilichokwisha kutumika, baada ya yote niliyoandika hapa. Shemeji alikuja bila kuitwa, na kopo lake la soda, akapima kila nafasi, akabadilisha skrubu zote, akakitikisa mpaka sakafu ikalia. Akaridhika. Godoro tulinunua jipya, kwa sababu utafiti wa Uskochi uliotoka mwaka 2002 uliona uhusiano kati ya magodoro yaliyotumika, hasa yaliyotoka nyumba nyingine, na vifo vile vya ghafla. Uhusiano si lazima uwe chanzo, najua. Lakini kama una fedha ya kitu kimoja tu kipya, mimi ningenunua godoro, na kitanda cha mitumba ningekikubali ikiwa tu namjua aliyekitumia, najua kimefungwa na kufunguliwa mara ngapi, na sina shaka na rangi yake. Masharti hayo ni mengi kiasi kwamba pengine nimesema usikinunue.

Blanketi la viraka limeshuka ukutani. Mchana mtoto analala kifudifudi juu yake akiwa macho, mimi nimekaa kando, na kona ya kiraka chekundu ameiloweka kwa mate. Kopo la rangi ya kijani bado liko stoo, halijafunguliwa tangu siku ile. Nataka kupaka kabati la droo, nje uani. Shemeji amesema atalifungua yeye kwanza aone kama halijaganda, na atakuja na skrubu ndefu za kulifunga ukutani.