Presha inayopimwa mtu akiwa na hasira

Mleta uzi, umeuliza kwa nini mama yako akigombana na jirani mikono inamtetemeka, mdomo unakauka na moyo unamwenda mbio, na kama ameze kidonge cha presha cha shangazi yako. Niko duka la dawa hapa Ngamiani, Tanga, na watu wa namna hiyo nawapokea sana. La kidonge nalijibu kwanza: asimeze.

Hasira ikipanda, ubongo unaziamsha tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Papo hapo moyo unapiga kwa nguvu, ini linatoa sukari, damu inakimbilia kwenye misuli na tumbo linapunguziwa. Adrenalini hiyohiyo ndiyo inayotetemesha mikono. Mate nayo yanapungua. Na chakula hakipiti: mtafiti Walter Cannon wa Marekani alilitazama tumbo la paka kwa eksirei, akaona paka akikasirishwa linaacha kabisa kusaga.

Sasa sikia hili. Mzee mmoja aliingia dukani katoka kwenye ugomvi wa mpaka wa kiwanja, mishipa ya shingo imemsimama. "Mwanangu nipime, presha inaniua." Nikamwamkia, nikamwomba akae kwanza. Hataki. Nikampima: 172 kwa 100. Ndipo akakubali benchi. Mgongo ukutani, miguu chini bila kupishanishwa, mkono mezani usawa wa moyo, na asiseme neno. Nikamwambia avute pumzi kwa pua na aitoe polepole kuliko alivyoivuta, maana kutoa pumzi taratibu kunashusha mapigo. Nilipompima tena, 138 kwa 84. Hebu fikiria angemeza vidonge vya mtu kwa kile kipimo cha kwanza.

Ndiyo maana kwa mtu mzima tunasema ana presha kama vipimo vinafika 140 kwa 90 au kupita, siku tofauti, akiwa ametulia angalau dakika 5. Mpelekeni mama akapimwe hivyo.

Kinachonitia hofu zaidi ni hasira ambayo mtu analala nayo na kuamka nayo. Hapo kotisoli, homoni ya msongo wa mawazo, haishuki inavyotakiwa, usingizi unakatika, na mwenye kisukari anaiona sukari ikipanda hata kama hajabadili chakula.

Ila vidonda vya tumbo msivibebeshe mawazo peke yake. Vingi vinaletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au dawa za maumivu kama diklofenaki, na vinatibika. Inaniuma kuona mama wa watu anaambiwa "punguza mawazo" halafu anaachwa na maumivu yake.

Na siku akibanwa kifua, maumivu yakapanda taya au kushuka mkono, au mdomo ukapinda, ulimi ukawa mzito, upande mmoja ukakosa nguvu, msipoteze muda kuja kupima dukani. Chukueni bajaji moja kwa moja mpaka hospitali ya Bombo.