Mama kakataliwa kwa GP (daktari wa mtaa) kisa hana bili yenye jina lake

Pole sana dada. Hao wa mapokezi wamechemka, hapa England mtu yeyote anaruhusiwa kujiandikisha kwa GP na kumwona ni bure, paspoti, viza wala bili ya nyumba si lazima, kwa hiyo rudi pale uombe fomu ya kujiandikisha na wakigoma tena waambie wakupe sababu kwa maandishi, maana sababu ya kueleweka ni kama mnakaa nje ya eneo lao au orodha yao imefungwa, sio bili.

Lugha sasa. Umesema binti yako ndo atamtafsiria bibi yake, hapana jamani. Bibi ataanza kuelezea mambo ya hedhi na haja ndogo mbele ya mjukuu? Thubutu! Mkalimani wa Kiswahili analetwa au anapigiwa simu na hamlipi kitu, ila mseme siku ya kubuku na muombe muda mrefu zaidi, dakika 10 kwa lugha mbili hazitoshi hata salamu.

Hiyo presha yake, mwongozo wa NICE (taasisi inayotoa miongozo ya matibabu hapa England) unasema mtu mwenye asili ya Afrika asiye na kisukari kwa kawaida anaanzishiwa dawa za kundi la amlodipine, so akipewa nyingine muulize daktari kwa nini (asiache dawa lakini). Na BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) pia, kwetu sisi hatari ya kisukari wanaihesabu kuanzia 23 sio 25, kwa hiyo hiyo 24 yake isiwafanye mridhike, ombeni apimwe sukari.