Mama baada ya kiharusi: nyumbani au makao ya wazee?

SWALI: Mama yangu ana miaka 74. Wiki sita zilizopita alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto na haja anaizuia, ila mengine yote anafanyiwa, hata kugeuka kitandani. Yupo Muheza na mdogo wangu wa kike, mimi na kaka zangu tupo Dar. Ndugu wamegawanyika: wengine wanataka apelekwe nyumba ya wazee, wengine wanasema ni aibu. Kitaalamu, mnaamua kwa vigezo gani?

JIBU: Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Nianze na jambo linaloleta ugomvi wa bure kwenye vikao vya ukoo. Makazi ya Serikali kama Nunge pale Kigamboni, Fungafunga Morogoro au Kolandoto Shinyanga ni ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza, na mzee huingia kupitia ustawi wa jamii. Mama mwenye watoto wazima Dar hapiti mlango huo. Yanabaki machache ya mashirika ya dini na watu binafsi. Huko usitazame rangi ya ukuta, uliza usiku wanabaki wauguzi wangapi kwa wazee wangapi.

Sasa vigezo. Jina la ugonjwa peke yake halituambii mengi. Tunatumia kipimo cha Katz, kilichochapishwa mwaka 1963, chenye mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kitandani hadi kitini, kuzuia haja na kula. Kila analoliweza mwenyewe ni alama moja. Mama ana 2 kati ya 6, na hapo tunasema utegemezi ni mkubwa. Anaweza kutunzwa nyumbani hata hivyo, mradi pawe na mikono mchana na usiku. Mpango wenu unavujia hapo hapo: mdogo wako yuko peke yake.

Chukua suala la kumgeuza tu. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku pia, ili asipate vidonda vya kulalia. Fuateni saa, msingoje alalamike, maana upande uliolegea pengine hausikii maumivu. Kila asubuhi akaguliwe chini ya mgongo, nyongani na visiginoni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo papaseni: pakiwa pa moto, pagumu, au pamekolea rangi kuliko pembeni, kidonda kimeshaanza hata kama ngozi haijachubuka. Mto uwekwe chini ya miundi ili visigino visiguse godoro. Akiinuliwa, asivutwe kwa mkono uliolegea, bega litatoka. Ale akiwa ameketi wima, na abaki hivyo nusu saa. Akikohoa kila anywapo maji, mrudisheni hospitali apimwe anavyomeza, kabla chakula hakijaingia mapafuni.

Hizo kazi mtu mmoja hazimudu kwa mwezi, achilia mbali mwaka. Ushauri wangu: abaki Muheza, na fedha ambazo mngelipa makao zimlipe mtu wa kumpokea dada usiku kadhaa kila wiki, kwa ratiba iliyoandikwa. (Kaka wanaosema ni aibu ndio wa kwanza kuchangia.) Kama hamna uwezo wa matibabu, mama amevuka miaka 60, hivyo anastahili msamaha katika hospitali za umma. Mtendaji wa kijiji au mtaa atawaelekeza, kisha mkaulize dirisha la wazee.

Ningebadili shauri endapo mama angeanza kuchanganyikiwa na kutangatanga usiku, mngekosa kabisa mtu wa zamu ya pili, au dada angeanza kumfokea. Dalili hiyo ya mwisho familia nyingi huificha. Kidonda cha kulalia kilichoingia ndani ni cha hospitali, makao hayakitibu.

Mazoezi ya viungo yaanze wiki hii, kwa sababu sehemu kubwa ya nafuu hupatikana miezi ya mwanzo. Baada ya miezi mitatu hesabuni tena zile alama sita. Zikifika 4, mzigo wa usiku utakuwa umepungua na mtaweza kupanga upya malipo.