Maswali ya Wasomaji: Kiraka cha Msimbo na Njia Yake hadi Kukubaliwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta. Nilipokuwa nikisoma msimbo wa kiendeshi kimoja (programu inayokiongoza kifaa) ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, niligundua kwamba kumbukumbu inayotengwa mwanzoni hairudishwi iwapo usajili wa kifaa utashindikana. Nilirekebisha kosa hilo, na kwa kuwa faili lenyewe lilikuwa limepangwa ovyo, nikalisafisha lote na kubadilisha majina ya vigeu kadhaa. Msimamizi wa sehemu hiyo alinijibu kwa maneno machache tu: nigawanye kiraka (yaani yale mabadiliko niliyomtumia), na nieleze kwa nini. Je, ameikataa kazi yangu?
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Hajaikataa. Msimamizi aliyechukua muda wa kukueleza la kufanya anatarajia kukiona kiraka chako tena, na mambo mawili aliyokuomba ndiyo yanayoamua hatima ya viraka vingi kuliko ubora wa msimbo wenyewe.

Tazama kile anachokiona yeye. Kiraka humfikia kama orodha ya tofauti: mistari iliyoondolewa ikiwa na alama ya kutoa, iliyoongezwa ikiwa na alama ya kujumlisha, na kwa kawaida mistari mitatu isiyoguswa juu na chini ya kila badiliko ili mahali pake patambulike. Tuseme marekebisho ya kumbukumbu ni mistari mitano, na usafi wa faili umegusa mistari mia mbili. Ile mitano imezama, na msimamizi analazimika kukagua mia mbili kwa uangalifu uleule, kwa sababu hawezi kujua ni mstari upi umebadilisha nafasi tupu tu na ni upi umebadilisha mwenendo wa programu.

Sababu nyingine ni historia. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ina amri ya «git bisect», ambayo hutafuta komiti (badiliko moja lililohifadhiwa katika historia hiyo) iliyoleta hitilafu kwa kugawa historia nusu kwa nusu, hivi kwamba kati ya komiti 1,000 majaribio kama 10 tu yanatosha kumpata mkosaji. Utafutaji huo una faida iwapo kila komiti inafanya jambo moja na kerneli inaweza kujengwa na kufanya kazi katika kila hatua. Ukiishia kwenye komiti iliyochanganya urekebishaji, usafi na majina mapya, bado hujajua kosa liko wapi, wala huwezi kuliondoa moja bila kuyaondoa mengine. Isitoshe, urekebishaji kama wako hustahili kupelekwa pia katika matoleo ya kerneli yanayoendelea kutunzwa kwa watumiaji, na kanuni za matoleo hayo zinataka kiraka kisizidi mistari 100 pamoja na ile ya muktadha. Usafi wa nafasi tupu haupokelewi huko.

Kwa hiyo tengeneza tawi jipya (mkondo wa kazi ulio kando na msimbo mkuu), na utumie «git add -p», ambayo hukuonyesha kila kipande cha mabadiliko na kukuuliza kama kiingie katika komiti hii au kisubiri. Urekebishaji uwe komiti ya kwanza, ili uweze kuchukuliwa peke yake. Majina ya vigeu yawe komiti nyingine. Kuhusu usafi, ushauri wangu ni kuuacha kabisa kwa sasa: wasimamizi wengi hawapendi kuona faili linalofanya kazi likipangwa upya bila sababu nyingine, maana kila anayetafuta asili ya mstari fulani kwa «git blame» atakutana na jina lako badala ya jina la mtu aliyeuandika.

Sasa neno «kwa nini». Wanaoanza huandika ujumbe wa komiti unaorudia yale ambayo msimbo tayari unaonyesha: nimeongeza wito wa kuachilia kumbukumbu. Msomaji ameshaona hilo. Asichokiona ni kwamba usajili ukishindikana, kazi (kile kipande cha msimbo kinachosajili kifaa) hurudi mapema bila kuachilia kumbukumbu, kwamba kila jaribio jipya la kuunganisha kifaa hupoteza kiasi kilekile, na namna ulivyolitambua hilo: je, kwa kusoma msimbo tu, au kwa kuufanya usajili ushindikane kwa makusudi na kutazama matokeo? Kama hukuwa na kifaa chenyewe, sema kwamba umejenga tu na hukujaribu. Ukweli huo haukushushi hadhi; humsaidia msimamizi kuamua nani ajaribu. Kisha taja komiti iliyoleta kosa kwa mstari wa «Fixes:» wenye herufi 12 za mwanzo za kitambulisho chake pamoja na kichwa chake, kwani wanaotunza matoleo ya zamani huutumia mstari huo kujua kosa lilianzia wapi.

Kabla ya kutuma, pitisha kiraka katika «scripts/checkpatch.pl», inayokagua mtindo wa uandishi, halafu «scripts/get_maintainer.pl» ikuonyeshe ni nani wa kuandikiwa. Tengeneza faili kwa «git format-patch -v2», ili ijulikane kwamba hili ni toleo la pili, na chini ya mstari wa vistari vitatu ueleze kilichobadilika tangu toleo la kwanza. Maelezo yaliyo chini ya mstari huo husomwa na wakaguzi lakini hayaingii katika historia ya kudumu. Tuma kwa «git send-email» wala usinakili kiraka ndani ya programu ya kawaida ya barua pepe, kwa sababu nyingi kati ya hizo hubadilisha vichupo (alama za kitufe cha Tab) kuwa nafasi au hukata mistari mirefu, na kiraka kilichoharibiwa hivyo hakiwezi kubandikwa upande wa pili. Wapo wanaoushangaa utaratibu huu wa barua pepe. Ni mkongwe kuliko Git yenyewe: Linus Torvalds alipoanza kuiandika Git mwezi Aprili 2005, baada ya ruhusa ya kutumia bila malipo BitKeeper, programu iliyokuwa ikitunza historia ya kerneli kabla yake, kuondolewa, viraka vya kerneli vilikuwa vimesafiri kwa barua pepe kwa miaka mingi, na Git ikatengenezwa iweze kuvipokea hivyo.

Ukishatuma, subiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha. Kimya mara nyingi ni dalili ya wingi wa kazi.

SWALI: Ndugu Mhariri, naona komiti za kerneli huwa na mstari wa «Signed-off-by» wenye jina na anwani ya barua pepe. Je, huo ni utaratibu tu, au una uzito wa kisheria? Nimeajiriwa kama mtunzi wa programu, na michango yangu naiandaa jioni.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Una uzito. Ulianzishwa mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003 kwa madai kwamba msimbo wa Unix, mfumo wa kompyuta wa zamani zaidi, ulikuwa umeingizwa katika Linux. Kwa kuuweka mstari huo, ambao Git huuongeza yenyewe ukiandika «git commit -s», unathibitisha kwamba msimbo umeuandika wewe, au unayo haki ya kuutoa chini ya leseni ya mradi, na kwamba unakubali jina lako libaki hadharani katika kumbukumbu hiyo. Huhamishi hakimiliki; inabaki kwa mwenyewe.

Mwenyewe ndiye nani katika hali yako? Hapo ndipo pa kusimama na kufikiri. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huichukulia kazi iliyofanywa katika utekelezaji wa ajira kuwa ya mwajiri, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Kazi ya jioni iliyofanywa kwa kompyuta yako, kuhusu jambo lisilohusiana na majukumu yako, ina nafasi nzuri ya kuwa yako, lakini mikataba mingi ina vifungu vipana zaidi. Soma wako, na kama kuna shaka omba ruhusa ya maandishi kabla ya kutia sahihi. Tafadhali usiongeze kamwe «Reviewed-by», mstari unaosema kwamba mtu fulani amekikagua kiraka, wenye jina la mtu ambaye hakukupa. Hayo ni maneno yake, wala si yako kuyasema.

SWALI: Ndugu Mhariri, nasimamia kompyuta katika hospitali inayotumia OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa. Kwa muda mrefu tumekuwa tukibadilisha msimbo moja kwa moja kwenye nakala yetu, bila Git, na kila toleo jipya likitoka tunaanza upya kuyarudishia mabadiliko yetu. Tungependa kuyatoa kwa mradi. Tuanzie wapi?
*Msomaji, Kisumu*

JIBU: Nimefurahi kulipokea swali hili, kwa sababu OpenMRS ni mradi ambao ulianza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za Eldoret, na wanaoitumia wodini kila siku huyaona makosa ambayo mtunzi aliye mbali hawezi kuyaona.

Kwanza mjue mmebadilisha nini. Fungueni nakala yenu mpya ya «openmrs-core», hifadhi ya msimbo mkuu wa mradi, kwenye tovuti ya GitHub, mtafute lebo ya toleo lilelile mliloanza kulibadilisha, na mtengeneze tawi kutoka hapo. Nakilini mafaili yenu juu yake, kisha muandike «git diff». Mtaona kwa mara ya kwanza kila mstari mliougusa katika mafaili ya mradi, na ukichagua lebo isiyo sahihi utalijua hilo papo hapo, maana tofauti zitakuwa maelfu zisizo na maana.

Msikomiti chochote bado. Pitieni tofauti hizo mkitafuta nenosiri la hifadhidata, anwani za ndani za hospitali, na hasa taarifa za wagonjwa zilizotumika kama mifano katika majaribio. Git haisahau: faili lililofutwa katika komiti ya pili bado linasomeka katika ya kwanza, na likishasukumwa hadharani huenda limeshanakiliwa na wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Nenosiri lililovuja hubadilishwa. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake haviwezi kurudishwa.

Yaliyobaki yagawanyeni mafungu mawili. Yale yanayohusu hospitali yenu pekee, kama vile ripoti za idara fulani au fomu zenye nembo yenu, yasipelekwe katika msimbo mkuu. OpenMRS imejengwa ili ipanuliwe kwa moduli, na kazi hiyo ikihamishiwa kwenye moduli yenu wenyewe haitafutwa tena na toleo jipya. Yale yanayorekebisha makosa ya kila mtumiaji ndiyo ya kutoa, moja baada ya jingine: kila kosa na tiketi yake (taarifa ya kosa iliyosajiliwa kwa mradi), yenye namba inayoanza na «TRUNK-» kwa msimbo mkuu, na namba hiyo ionekane mwanzoni mwa kichwa cha ombi lenu la kuunganisha badiliko na msimbo wa mradi. Mkishasafisha, komitini kila badiliko peke yake, kisha mchukue tawi kuu la sasa, mhamishie badiliko hilo kwa «git cherry-pick», ambayo hunakili komiti moja kutoka tawi jingine, na mtatue migongano kwa kusoma pande zote mbili badala ya kuchagua ya kwenu kwa mazoea, kwani huenda wenzenu wameshalirekebisha kosa hilo kwa njia nyingine. Ongezeni jaribio linaloshindwa bila kiraka na kufaulu likiwa nacho.

Anzeni na dogo kabisa, hata likiwa la mistari mitatu. Kwa hilo mtajifunza namna wakaguzi wa mradi wanavyouliza maswali, na toleo litakalobeba kiraka hicho likitoka mtakiondoa katika orodha yenu ya mambo ya kurudishia, mbaki na machache zaidi kila mara.