Robo inchi ndiyo iliyonifumulisha bloku 14

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, vipande nakata vizuri kabisa, lakini nikiunganisha pembe hazikutani. Nakosea wapi?" Nilikaa na ule ujumbe usiku mzima. Swali hilohilo nililiuliza mimi, nimekaa sakafuni, bloku 30, yaani vile vipande vya mraba vinavyounganishwa kuwa mfarishi wa viraka, zimenizunguka.

Mama mmoja hapa Tanga aliniagiza mfarishi wa viraka wa bintiye aliyekuwa anaolewa. Kitanda tano kwa sita. Hesabu yake nyepesi: bloku ya inchi 12 ni futi moja, kwa hiyo bloku 30 zinafunika godoro, pindo la kuning'inia ni kazi nyingine. Kila bloku ilikuwa miraba tisa, mitano ya kitenge cha buluu, minne ya khanga nyekundu za marehemu mama yangu. Nilikata kwenye mji tu. Majina niliyaacha, sikuwa na moyo wa kuyatia mkasi. Kila mraba inchi 4½. Na nilikata vizuri, hilo sibishani na mtu.

Nilipomaliza bloku ya 14, mkanda wa cherehani yangu ukakatika. Zile 16 nikashonea kwa jirani. Kote nilifuata ukingo wa ule mguu unaokandamiza kitambaa, nikiamini ndiyo robo inchi. Kwa jirani ilikuwa robo kweli. Kwangu ilikuwa robo na nusu yake.

Sasa piga hesabu. Miraba mitatu ya 4½ ni inchi 13½. Kila mshono unakula robo inchi huku na robo kule, kwa hiyo mishono miwili inakula inchi moja, unabaki na 12½, na ile nusu inaliwa bloku zikishikanishwa. Mishono yangu ilikula inchi moja na nusu. Bloku 14 zikatoka 12, bloku 16 zikatoka 12½. Nikazivuta kwa nguvu zikutane. Nilipoutandika, mfarishi ukafanya mawimbi. Yule mama akaushika kwa ncha za vidole, akasema mbele ya wateja wangu kwamba huo labda wa kufutia miguu. Nikamrudishia malipo yake ya awali yote. Harusi ikapita. Mpaka leo nikimwona sokoni nabadilisha njia.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujalaumu mkono wako, pima cherehani yako. Weka futi ya kupimia chini ya sindano, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano iguse alama ya robo inchi, kisha bandika selotepu pale futi inapoishia. Ubandike tabaka mbili tatu ili kitambaa kipate ukingo wa kuegemea. Halafu shona bloku moja tu, uipime. Kama si 12½, usishone ya pili. Wengi mnaona uvivu kupima, mnataka kuona maua yametokea. Pima!

Khanga nyekundu ifue kabla ya kukata, inachuja. Kitenge kipya nacho kifue, kitoke wanga.

Na pasi. Ukimaliza mstari wa miraba mitatu, laza mishono yake yote upande mmoja. Mstari unaofuata ilaze upande wa pili. Ukiweka mistari miwili uso kwa uso, papasa pale mishono inapokutana. Utasikia kitu kinaingia mahali pake, unene wa huku unaegemea unene wa kule. Choma pini hapohapo. Pasi ibonyeze uinue, usiiburute. Ukiiburuta unanyoosha kitambaa na umerudi kule kwangu.

Mwezi huu nimefumua zile bloku 14 kwa wembe, uzi kwa uzi, nikazishona upya. Nimezipima zote. 12½ kila moja, na pembe zimekaa kama zimechorwa. Mfarishi sasa uko kitandani kwangu, na kwenye pindo la kichwani nimeshonea jina moja la khanga ya mama, zima, bila kulikata.