Lipu ya saruji inabanduka kwenye nyumba ya mawe: tuweke marumaru?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Tunaishi Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye nyumba ya mawe aliyotuachia bibi yetu. Miaka mitatu nyuma tulibandua chokaa ya zamani ukumbini, tukapiga lipu ya saruji na kupaka rangi ya mafuta. Sasa ukuta umevimba kutoka chini mpaka usawa wa kiuno, unatoa unga mweupe na vipande vinaanguka. Fundi wetu anasema tubandike marumaru tu, mambo yataisha. Jirani anasema nyumba inataka kuanguka. Nani mkweli?

JIBU: Waalaykum salaam, Bi mkubwa. Kwa ulivyoeleza, wote wawili hawajapatia, ila fundi wako ndiye atakayekutia hasara zaidi.

Kuta za nyumba zetu hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, na unene wake mara nyingi unapindukia nusu mita. Chini hazina tabaka la kuzuia maji kama nyumba za matofali za leo. Zinanyonya maji ya ardhini, kisha zinayatoa kidogo kidogo kupitia lipu ya chokaa. Wazee hawakuukataza ukuta kunywa, waliuachia utoe jasho. Nyinyi mmeuziba. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda juu, yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya saruji inafanya chembe zinazoisukuma lipu mpaka inavimba. Huo unga mweupe ndiyo chumvi yenyewe. Marumaru yatafanya kazi ile ile ya saruji, kwa bei kubwa zaidi: maji yatapanda kupita kiuno, yaelekee kwenye boriti, ile miti inayobeba sakafu ya juu.

Na boriti ndizo zinazonitia wasiwasi, lipu naweza kuisubiri. Vichwa vyake vimezama ukutani, na ukuta ukishinda maji vinaoza humo ndani wala huoni, au mchwa wanavimaliza. Chukua bisibisi, panda ngazi, choma kila boriti pale inapoingia ukutani, hasa chini ya choo cha juu. Boriti nzima inagoma. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, weka nguzo ya kutegemeza siku hiyo hiyo na umwite mhandisi.

Jirani simlaumu. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib iporomoke tarehe 25 Disemba 2020, jumba lililosimama tangu 1883, kila mtu akiona ufa anahesabu watoto wake. Lakini lipu kubanduka siyo ukuta kuanguka. Ninachokiogopa mimi ni ukuta uliotoa tumbo, ufa unaotokea upande wa pili na kuzidi kupanuka, au sakafu ya juu iliyobonyea.

Kabla ya kugusa lipu, tafuta maji yanatoka wapi. Majira yatakusaidia: ukuta ukizidi kulowa wakati wa masika, tazama bati na mlizamu unaotoa maji ya paa. Ukilowa hata Januari, kaskazi inavuma na mvua hakuna, basi ni bomba, karo la maji machafu au choo cha juu. Usisahau kiyoyozi cha jirani. Nimewahi kuhangaika wiki nzima na ukuta mmoja, kumbe mpira wa kiyoyozi ulikuwa unadondosha maji kichochoroni, juu ya jiwe lile lile, usiku na mchana. Tazama pia kama kichochoro kimeinuliwa kwa zege mpaka kikapita sakafu yako.

Maji yakishazibwa, ng'oa saruji yote, hata ile inayoonekana nzima, na uuache ukuta uchi. Ukuta mnene namna hiyo haukauki kwa wiki mbili, hesabu miezi. Chumvi inayotoka ifagie kwa brashi kavu, usiioshe, ukiiosha inarudi ndani. Halafu piga lipu ya chokaa iliyolowekwa muda mrefu: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga usio wa pwani, kwa matabaka membamba ya kama sentimita 1. Kila tabaka lipewe siku kadhaa na linyunyiziwe maji, kwa sababu chokaa ikikauka kwa haraka inapasuka. Fundi akikwambia atatia saruji "kidogo tu ishike", mlipe siku yake aende. Rangi iwe ya chokaa.

Yote hayo yanataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, hata kama kazi ni ya ndani kwako, kwa hiyo nenda kaulize kwanza. Na kama nyumba ina wakfu ndani yake, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nayo ina neno.

Kuianza kazi, subiri masika yapite. Bisibisi isisubiri. Ukishachoma hizo boriti, niandikie imeingia kiasi gani.