Maswali ya wasomaji: Ripoti yasema "tipiki toriothenti", ndio udongo gani huo?

SWALI: Assalaam aleikum mtaalamu. Nipo Barka, Omani, nimezaliwa Unguja nikaletwa huku mdogo. Marehemu baba alituachia shamba njia ya kwenda Nakhal, kule juu karibu na milima, na kaka zangu wanataka tupande ndimu na mitende kidogo. Tukaita watu wa kupima udongo, wakachimba shimo moja, wakachukua vifuko vitatu, kisha tukaletewa ripoti kurasa mbili. Juu imeandikwa tipiki toriothenti, sandi-skeletali, miksidi, haipathemiki. Chini wanasema fosforasi na potasiamu "inatosha" na changarawe asilimia 60. Nikawapigia simu wanifafanulie, wakanambia ndo jina la udongo wenu mama. Sasa jina hilo lanisaidia nini, na hiyo "inatosha" niiamini? – Mama Salma, Barka

JIBU: Wa aleikum salaam Mama Salma. Jina ni refu kama treni ya mizigo lakini kila behewa lina kitu ndani, na ukweli ni kwamba jina lina faida kwako kuliko hiyo "inatosha", nitakuambia kwanini.

Anza nyuma. "Enti" ya mwisho ni entisoli, moja ya makundi 12 makubwa ya mfumo wa Wamarekani wa kuainisha udongo, na maana yake ni udongo mchanga kiumri, yaani mashapo yalimwagwa pale na maji na bado hayajakaa muda wa kutosha kujijengea tabaka zake. Shamba lenu lipo kwenye mashapo ya milima ya Hajar. Mvua ikipiga milimani, wadi (mto wa msimu) inashuka kwa hasira na mawe yake, ikitoka tu kwenye korongo inapata uwanja mpana, inapoteza nguvu, inatua mzigo na kusambaa kama kipepeo cha kupulizia mkaa. Mawe makubwa yanabaki juu mlangoni, changarawe katikati, mchanga na tope laini vinafika chini karibu na bahari, ndio maana mashamba ya zamani ya Batina yamejipanga ule ukanda wa pwani na nyinyi huko juu mmepata kokoto. "Othi" inasema ni entisoli ya kawaida, haina mambo maalum, na tipiki ya mwanzo inasema vilevile. "Tori" ni ukavu wa jangwa: zaidi ya nusu ya siku za mwaka ambazo udongo una joto la kukuza mmea, sehemu yenye mizizi ni kavu kabisa. Haipathemiki ni joto, wastani wa mwaka wa udongo kwa kina cha sentimita 50 ni digrii 22 au zaidi, na kiangazi na kipupwe vinapishana angalau digrii 6. Miksidi ni madini mchanganyiko, hilo tulipite.

Neno la kukaa nalo ni skeletali. Linatoka kwenye mifupa, na maana yake ni hii: kati ya sentimita 25 na mita moja kwenda chini, mawe (chochote kikubwa kuliko milimita 2) yamechukua asilimia 35 au zaidi ya ujazo. Ujazo mama, sio uzito, shika hapo. Na sandi ni kwamba kile kidogo kilichobaki katikati ya mawe ni mchanga mchanga. Kuna kitu watu wengi hawakijui hapa, mchanga wa jangwani wenye mawe chini ya hiyo asilimia 35 unaitwa psamenti, familia nyingine kabisa, ukivuka 35 tu unahamia othenti kama wenu. Kwahiyo wale waliotunga mfumo hawakuyachukulia mawe kama uchafu wa kutoa, waliyafanya ndio mpaka wa ukoo.

Sasa njoo kwenye maabara. Kitu cha kwanza maabara inafanya na kifuko chako ni kukipitisha kwenye chekecheke ya milimita 2, kokoto zote zinatupwa, kinachopimwa ni kile kilichopita. Fosforasi "inatosha" ndani ya hicho kilichopita, lakini mndimu wako haupandwi kwenye kilichopita, unapandwa shimoni pamoja na mawe yote. Na hiyo asilimia 60 nina hakika kubwa ni kwa uzito, manake ndivyo inavyotoka kwenye mizani, mtu aliyekadiria kwa macho ndani ya shimo ndiye anayesema ujazo. Waulize. Jiwe ni zito, sentimita moja ya ujazo ina gramu kama 2.65, udongo laini na nafasi zake ni kama gramu 1.5, ukipiga hesabu 60 kwa uzito inakuwa kama 46 kwa ujazo. Bado ni skeletali, ripoti haijakosea jina. Ila angekuja jirani yako na 45 kwa uzito, ingekuwa kama 32 tu kwa ujazo na jina lingebadilika, ndo ujue tofauti hii si ya kuchezea.

Basi wenu una nafasi ya udongo asilimia 54, nusu na kidogo. Mbolea iliyomo gawanya karibu kwa mbili kichwani mwako. Maji vilevile: mchanga mtupu unashika maji ya kunyweka na mmea kama milimita 80 kwa mita ya kina, wenu ni 43, na mizizi mingi ya mndimu iko sentimita 60 za juu, kwahiyo milimita 26 hivi. Mti ukinywa milimita 6 kwa siku kiangazi, siku nne na chupa imeisha, na hapo nimehesabu mpaka tone la mwisho ambapo mti umeshateseka zamani. Kaka zako kama wanapanga kufungulia maji mara moja kwa wiki yajae halafu wakae, maji yatapita kati ya kokoto kama kwenye kapu na mbolea yataondoka nayo. Weka dripu (mipira ya kudondosha maji), kidogo kidogo, kila siku, au ruka siku moja moja hali ya hewa ikipoa, na mbolea pia igawanywe kidogo kidogo.

Kama hutaki kumuamini mtu yeyote, hata mimi, pima mwenyewe. Chimba kishimo, kilichotoka chote weka kwenye turubai. Tandika nailoni laini ndani ya shimo, mimina maji kwa kopo la kipimo hadi yafike usawa wa ardhi, hizo lita ndizo ujazo wa shimo. Chekecha ulichotoa kwa wavu wa mbu wa dirishani (matundu yake ni madogo kidogo kuliko milimita 2, kwa nyumbani inatosha), mawe yaliyobaki yaoshe, yatumbukize kwenye ndoo iliyojaa maji hadi mdomoni iliyowekwa ndani ya beseni. Maji yaliyomwagika ndio ujazo wa mawe. Rudia sehemu tatu nne za shamba, wadi haikumwaga mzigo wake sawasawa na shimo moja walilochimba wale jamaa kwa shamba zima mie naliona ni uvivu.

Uzuri nao upo. Udongo kama wenu hautuamishi maji, chumvi inaoshwa kirahisi, na shida ya Batina ya visima kuvutwa kupita kiasi hadi bahari ikaingia chini ya ardhi inawabana zaidi wa pwani. Bado, pima chumvi ya maji ya kisima kabla ya kununua mche hata mmoja. Na ukitaka mfano wa kuigwa tazama bustani za zamani za falaj (mifereji ya kale ya kumwagilia), kama kule Nizwa kwenye falaj Daris ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia 2006 pamoja na nyingine nne. Bustani nyingi za namna ile zimekaa juu ya udongo uliotengenezwa, tope laini limebebwa au limeletwa na maji ya kumwagilia miaka na miaka, hata mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo una jina lake pembeni, anthrosoli, udongo wa mkono wa mtu. Shamba zima huwezi, lakini mashimo ya mitende unaweza, toa kokoto, jaza tope la wadi na samadi iliyoiva.

SWALI: Habari ya kazi. Niko nje kidogo ya Lodwar. Kiwanja changu kimefunikwa na vijiwe vyeusi vimepangana kama mtu amesakafia. Nataka bustani ya sukuma wiki, niliajiri vijana waokote mawe yote siku tatu, sasa chini nakuta udongo laini kabisa hauna mawe, lakini maji nikimwaga yanakaa juu tu hayaingii! Nimekosea wapi? – Ekai

JIBU: Ekai, okota ya bustani pekee, kwingine kote acha, na wale vijana wapumzishe. Hiyo sakafu ni kinga. Vumbi linakuja na upepo, linanaswa katikati ya vijiwe, linazama chini yake, na pole pole vijiwe vinabaki vinaelea juu ya vumbi linaloongezeka, ndio maana chini hukuti mawe. Ukiitoa, vumbi lile lote liko uchi. Na haijirudishi upesi, kule jangwa la Mojave Marekani jeshi lilifanya mazoezi ya vifaru 1942 hadi 1944 na alama za minyororo bado zinaonekana.

Maji hayaingii kwa sababu ya ule ukoko wa sentimita chache hapo juu. Vunja bonge lake ulitazame, lina vitundu vitundu kama mkate, lakini havijaungana, hewa imenaswa humo na maji hayana njia. Lima tuta lako kina cha jembe, changanya samadi, halafu funika juu kwa vijiwe vilevile ulivyotoa, ndio matandazo yako ya bure. Na kwa kuainisha, kumbuka nilichomwambia Mama Salma, kinachohesabiwa ni kuanzia sentimita 25. Mtu akipita na gari akaona kiwanja chako cheusi ataandika ni udongo wa changarawe, kumbe chini pengine si skeletali hata kidogo. Chimba mita moja ujue una nini.

SWALI: Jambo mwalimu. Sisi tulitoka Uvira, sasa tuko Tucson, Arizona. Nyuma ya nyumba nalima lakini jembe inagonga kitu kyeupe ngumu kama beto. Na mawe ya juu yake iko na rangi nyeupe chini tu, juu hapana. Ni chumvi? – Papa Riziki

JIBU: Si chumvi Papa Riziki, ni chokaa, na wenyeji wa huko wanaiita kaliche. Dondosha siki juu yake, ikitoa povu ni chokaa, jasi na chumvi hazitoi. Mvua kidogo inaingia, inabeba chokaa iliyoyeyuka, inasimama ikining'inia chini ya jiwe, inakauka pale, ndio maana weupe uko upande wa chini tu. Miaka maelfu, weupe unazunguka jiwe zima, kisha unajaza nafasi kati ya mawe, kisha unaziba kabisa na juu unatandaza ubao. Hatua hizo 4 ziliandikwa 1966 na akina Gile waliokuwa wanachimba karibu na Las Cruces, New Mexico, na waliona kwamba penye changarawe nyingi zinakwenda haraka kuliko penye udongo laini, kwani nafasi ya kujaza ni ndogo. Ikiwa tabaka la chokaa limetosha, udongo wako si enti tena, ni aridisoli (udongo wa jangwa uliokwisha kujijengea tabaka), kundi la kalsidi, yaani la chokaa, mzee kuliko wa Mama Salma mbali sana.

Usipigane nayo eneo zima. Chagua sehemu, toboa kwa mtaimbo, jaza maji shimo. Yakiisha, panda mti wako hapo. Ukiyakuta kesho asubuhi bado yamekaa, jenga tuta la juu kwa mbao ulete udongo mwingine, mboga tu. Na majani yakigeuka njano huku mishipa imebaki kijani, usiongeze maji, ni chuma kimefungwa na hiyo chokaa, tafuta dukani chuma cha kilati (kilichotengenezwa ili chokaa isikifunge) kinachofaa udongo wa chokaa.